Kampuni ya Likoni isajiliwe Marekani kwa nini?

Mhariri,

Mimi hutengeneza barafu hapa Likoni na kuwauzia wavuvi. Mashine ni moja, inaendeshwa kwa sola, na ikifika saa nne asubuhi barafu imekwisha. Anayekosa huishia kuuza kwa bei ya kutupa nguru ambaye jicho limegeuka jeupe na matamvua yamepoteza wekundu. Nahitaji mashine ya pili.

Benki ilinitaka hati ya ardhi. Nyumba tunayo, aliijenga babu, lakini ardhi ni ya mtu mwingine na kila mwezi tunamlipa kodi yake, kama zilivyo nyumba nyingi za Mombasa. Isitoshe, mkopo wa riba siuchukui, dini yangu hairuhusu. Kinachonifaa ni mtaji wa ubia: mtu atie pesa, achukue hisa, tukipata apate, tukila hasara naye ale. Si jambo geni kwetu. Wavuvi ninaowauzia hutoa kwanza pesa za mafuta na barafu, kinachosalia wakagawana na mwenye chombo. Siku ya kukosa, wote wamekosa.

Mwaka jana nilimpata mwekezaji. Alikuja, akaiona mashine, akala samaki nasi, kisha akaleta sharti: kampuni ihamishiwe jimbo la Delaware, Marekani, ndipo atie pesa. Niliumia sana. Wakili wangu alimwonyesha kwamba Sheria ya Kampuni ya 2015 inaruhusu hisa za aina mbalimbali, hata za kumpa mwekezaji fungu lake kabla ya wengine. Akajibu kwamba haogopi maandishi; anaogopa kesi ya wenye hisa kukaa kortini miaka na miaka, na ushuru wa siku atakayouza hisa zake. Hapo nilinyamaza. Ushuru wa faida ya kuuza hisa za kampuni kama yangu, isiyo kwenye soko la hisa, ulitoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023.

Tunisia ilipitisha sheria ya kuzisaidia kampuni chipukizi, yaani changa zinazotafuta mtaji, 2018, Nigeria 2022. Kwetu mswada ulifika Seneti 2020, ukaletwa tena 2022. Nawaomba waheshimiwa wa Pwani wasimamie mambo mawili: anayekaa na hisa za kampuni ndogo miaka mitano au zaidi apunguziwe ushuru huo, na mizozo ya wenye hisa iwekewe muda wa kuamuliwa.

Tena pesa hazitoki ng'ambo peke yake. Kanuni zinairuhusu mifuko ya pensheni kuweka hadi asilimia 10 ya mali yake katika mitaji ya aina hii. Hizo ni akiba za wafanyakazi wetu wenyewe. Wadhamini wa mifuko hiyo na wapande feri waje Likoni asubuhi, kabla barafu haijaisha.

Karatasi za Delaware bado ziko kabatini. Sijazitia sahihi.

Mwuza barafu,
Likoni, Mombasa