Mkimbiaji wa Oxford aliyekufa akitibu majeruhi

Mhariri,

Kurasa zenu za michezo huwakumbuka wanariadha wa zamani, nami nashukuru. Naomba mumwandike pia Noel Chavasse, ambaye wengi wetu hatujawahi hata kusikia jina lake.

Alisoma Chuo cha Trinity, Oxford, akawa mkimbiaji hodari wa mbio fupi. Mwaka 1908 yeye na pacha wake, Christopher, walishiriki mbio za mita 400 kwenye Olimpiki ya London. Baadaye akawa daktari, na Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alipelekwa mstari wa mbele na kikosi cha Liverpool Scottish.

Kinachonigusa zaidi ni usiku mmoja wa Agosti 1916 huko Guillemont, Ufaransa. Mchana alikuwa ameshajeruhiwa ubavuni na kipande cha kombora. Usiku akatoka tena na wenzake 20 waliojitolea, wakafika kwenye shimo la kombora lililokuwa yadi 25 tu kutoka handaki la adui, wakawaokoa majeruhi watatu. Daktari, si mpiga bunduki!

Alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani ya Uingereza. Ya pili ilitolewa akiwa ameshafariki: mwaka 1917, karibu na Ypres, aliumia vibaya lakini kwa siku mbili akakataa kuwaacha wagonjwa wake. Alifariki Agosti 4, akiwa na miaka 32, akazikwa Brandhoek, Ubelgiji.

London hakupata medali. Hata hivyo, mtakapoandika tena kuhusu Olimpiki, tafadhali mpeni safu moja.

Msomaji wenu,
Tanga