Kwa timu ya uinjilisti: kabla hamjaondoka

Wanangu wapendwa,

Kristo amefufuka! Najua mmeshaitikia.

Nimesikia kwamba Jumatatu ya Pasaka mnaondoka kwenda kwenye huduma, nyumba kwa nyumba mchana, mkutano wa injili jioni, wiki mbili mfululizo. Ratiba nimeoneshwa. Imepangwa vizuri kuliko za kwetu, ambazo mara nyingi zilikaa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo akiugua tunarudi nyumbani. Ila ukurasa wa mwisho nimeusoma mara mbili. Ni fomu ya taarifa: nyumba ngapi zimefikiwa, wangapi wamesikia, wangapi wamekata shauri kumfuata Kristo. Hapo ndipo nilipochukua kalamu.

Nikiwa na umri wenu nami nilibeba fomu kama hiyo. Alasiri moja nilibisha hodi kwa mama aliyekuwa ameketi anashona shati la shule. Nikasimama palepale mlangoni nikammwagia yote kwa pumzi moja: dhambi, msalaba, kaburi wazi, je, mama, uko tayari? Kalamu mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akauliza, "Mwanangu, umekuja kuniona au kuniandika?"

Nilicheka cheko la aibu, nikaaga. Jirani ndiye aliyenieleza kwamba lile shati lilikuwa la kifungua mimba wake, waliyemzika mwezi uleule, na mama alikuwa analipunguza limtoshe mdogo mtu. Nilikuwa nimemhubiria ufufuo mfiwa bila hata kumpa pole.

Tangu siku hiyo nimeisoma Yohana 21 kwa jicho jingine. Wale wanafunzi wamekesha ziwani na hawajapata kitu. Mfufuka amesimama ufukoni, na swali lake la kwanza halihusu imani yao wala kukimbia kwao. Anauliza, "Wanangu, mna kitoweo?" Kisha wanapofika nchi kavu wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. "Njoni mfungue kinywa." Samaki 153 wamo kwenye wavu, na hesabu ipo, sikatai, kuna mtu alikaa akawahesabu mmoja mmoja. Lakini Bwana alikuwa ameshawasha moto kabla wavu haujafika.

Na mwangalie Petro pale. Moto wa makaa katika Injili hiyo unatajwa mara mbili tu: huu wa ufukoni, na ule wa uani kwa Kuhani Mkuu, ambapo Petro aliota moto akimkana Bwana wake. Sidhani harufu ile ilimpita. Hata hivyo alilishwa kwanza, ndipo akaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, ndipo akapewa kondoo awachunge. Nanyi mtakutana na watu walioukana msalaba, wengine walikuwa waimbaji wetu wa kwaya. Msianze na swali la tatu.

Habari ya idadi niimalizie. Mmisionari Mwingereza William Carey alifika India mwaka 1793, akambatiza mwongofu wake wa kwanza wa Kihindi Desemba 1800. Miaka saba. Mmisionari Mjerumani Johann Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na ndani ya miezi michache akawa amemzika mkewe Rosine na kichanga chao, yeye mwenyewe akiwa hoi kwa homa. Aliendelea kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Jaribuni kuijaza fomu yenu kwa mwaka ule wa Krapf.

Sasa furaha. Ninyi vijana mnadhani furaha ya Pasaka ni sauti, na spika mmekodi kubwa kweli. Sina ugomvi na ngoma, nimezipiga mpaka viganja vikavimba. Lakini someni: Marko anasema wanawake walitoka kaburini wakitetemeka, wasimwambie mtu neno. Yohana anasema wanafunzi walikuwa wamejifungia kwa hofu, na walifurahi baada ya kuoneshwa mikono na ubavu. Furaha yao iliingia kupitia makovu. Kwa hiyo mkifika penye msiba au mgonjwa, zimeni spika, ingieni wawili wawili, kaeni chini. Mkikaribishwa chakula, kuleni. Msiseme mna haraka. Wala msilazimishe watu kupiga makofi. Aliyefiwa ana haki ya kuisikia habari ya kaburi wazi huku analia, kama Maria alivyoisikia.

Jambo moja la kiutaratibu, nalo mwenyekiti alipeleke kwenye kamati: nani anabaki? Msimu wa Pasaka una siku 50, hadi Pentekoste, nanyi mnarudi siku ya 15. Mtu akikata shauri Jumamosi na gari likaondoka Jumapili, tumemwacha angali mchanga wa imani. Naomba wawili wenu wajitolee kurudi kila wiki hadi Pentekoste. Nauli yao nitachangia mimi.

Mkirudi piteni kwangu kabla ya kwenda ofisini. Fomu iacheni kwenye gari. Mimi nitauliza majina ya watu mliokula nao.

Mzee wenu