Matawi Yasubiri Kwanza

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Swahiba wangu,

Salamu baadaye, swali lako kwanza. Umeniuliza kama chama chenu cha wanafunzi, kinachotuma pesa kwa familia maskini vijijini, kifungue matawi vyuo vitano mwaka huu: hapana. Chuo kimoja cha pili, labda, mwakani baada ya UE, yaani mitihani ya chuo, tena kwa masharti nitakayokuandikia hapa. Najua kamati yako imeshachora ramani na kuibandika vidoti vyekundu. Ibaki ukutani, inapendeza.

Umenitolea mfano wa GiveDirectly, shirika linalowapa maskini pesa bila masharti, kwamba nao walikuwa wanafunzi na wakakua. Kweli kabisa, ila hadithi yao umeidaka katikati. Waanzilishi wanne, Paul Niehaus, Michael Faye, Jeremy Shapiro na Rohit Wanchoo, walikuwa wanasoma shahada za juu Harvard na MIT. Mwaka 2008 walianza kwa kuchangishana wao kwa wao, wakitaka kuzifikisha pesa moja kwa moja mkononi mwa maskini. Kenya ilikuwa na M-Pesa tangu Machi 2007, kwa hiyo njia ya kupitisha pesa ilikuwepo bila kubeba noti kwenye begi. Milango ya kuchangia waliifungua kwa watu wengine mwaka 2011. Hesabu mwenyewe: miaka mitatu ya pesa zao na za watu wa karibu. Dola milioni 2.4 za Google zikaja mwishoni mwa 2012, na milioni 25 za Good Ventures mwaka 2015. Wakati huo wote kilichokuwa kinakua kwanza ni ukaguzi, na hapo ndipo ninapotaka ukae na kamati yako.

Angalia walivyokuwa wakifanya kijijini kule Siaya, magharibi mwa Kenya. Anapita mtu wa kwanza nyumba hadi nyumba, anahesabu kaya na kutazama paa, nyasi au bati. Siku nyingine anakuja mtu wa pili, anaingia kwenye nyumba za nyasi tu na kuandikisha: jina, kitambulisho, namba ya simu, picha ya nyumba, na mahali ilipo kwa GPS. Wa tatu hajawahi kukanyaga kijiji hicho. Anapewa orodha na kwenda kuhakiki kama nyumba ipo, kama mwenyewe ndiye huyo, kama paa ni lile la kwenye picha. Pesa zikishatumwa, wa nne anapiga simu kutoka ofisini: umepokea? Shilingi ngapi? Kuna mtu amekuomba chochote, kabla au baada? Mtu akitaka kuingiza kaya hewa, inabidi apatane na wenzake watatu wasiokaa meza moja.

Ninyi mna mtu mmoja. Anachagua familia, anaandika majina, anatuma pesa kwa simu yake, kisha anasoma ripoti kwenye kikao na watu wanapiga makofi. Simshuku, tena mkimwuliza atakasirika na haki yake. Lakini ukizidisha mpangilio huo mara tano utakuwa na watu watano wa namna hiyo, wanne kati yao huwajui kwa sura.

Huko Kongo wizi uliwapata GiveDirectly wenyewe, na wakautangaza hadharani. Mwaka 2022 huko Kivu Kusini walilegeza utaratibu mmoja. Kwa sababu ya hali ya usalama, wafanyakazi wakaruhusiwa kuwasajilia walengwa laini za simu, badala ya kila mlengwa kujisajilia yake. Baadhi ya wafanyakazi wakala njama, na zaidi ya dola 900,000 zikaishia mifukoni mwao. Shirika kubwa, mifumo ya kisasa, wakaguzi wa kulipwa, na tundu likawa kwenye kadi ya laini. Kwa hiyo sharti langu la kwanza: mwanachama wako asishike laini ya mlengwa hata dakika moja, na namba ya siri ya bibi wa watu asiijue, hata bibi akimwomba amsaidie kubonyeza.

Sasa vigezo. Paa la nyasi lilikuwa kigezo kizuri kwa sababu kila mtu analiona, na hapo hapo ndipo shida ilipo. Kigezo kikishajulikana, mwenye nyumba ya bati hukumbuka kwamba siku hizi analala kwenye jiko la nyasi lililoko uani. Halafu kuna yule aliyejinyima miaka minne akaezeka bati kumi na mbili. Anakosa pesa kwa sababu alijitahidi, na jirani aliyekaa anapata. Manung'uniko hayo hayana dawa ya kikao. Baadaye GiveDirectly wakaelekea kwenye kuchagua vijiji maskini na kuwapa wote waliomo. Ninyi kwa pesa zenu hamwezi kijiji kizima, ila kitongoji kidogo chenye kaya kumi na sita mnaweza, na ningechagua hivyo kuliko kuokota familia mbili mbili kwenye vijiji vinane. Nauli inapungua, wivu unapungua, na anayehakiki anamaliza kazi kwa siku moja.

Kaya kumi na sita nimezitoa kwenye hesabu zako. Wanachama 40, kila mmoja shilingi 10,000 kwa semesta, mihula miwili: 800,000. Wahitimu 70 mliowaorodhesha, 5,000 kwa mwezi, kwa mwaka inasomeka 4,200,000, na wewe umeiweka yote kwenye bajeti. Iondoe nusu leo leo. Mtu akimaliza chuo anakaa mwaka mzima anatafuta kazi, na ahadi aliyoitoa kwenye sherehe ya kuagana haiingii benki. Imebaki 2,100,000, jumla 2,900,000. Toa asilimia 15 ya nauli, vifurushi vya simu, ada ya kutolea pesa na uhakiki, yaani 435,000. Ukigawa 2,465,000 iliyobaki kwa 150,000 unapata kaya 16, na 65,000 inabaki ya dharura. Michango ya wanafunzi ikusanyeni wiki bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, linapoingia. Ukisubiri wiki mbili mbele, mtu anakula chipsi kavu na anakukwepa korido.

Usiwakatie pesa vipande vidogo vidogo ukidhani unawasaidia kupanga. Utafiti juu ya pesa za GiveDirectly uliofanyika Rarieda, huko huko Siaya, kati ya 2011 na 2013 ulilinganisha waliopewa kwa mkupuo na waliopewa kila mwezi. Wa kila mwezi walielekea zaidi kwenye chakula, wa mkupuo walinunua vitu vya kudumu, bati zikiwemo. Hakuna lililo kosa hapo. Kama mnataka mtu avuke msimu wa njaa, gaweni kwa mwezi. Kama mnataka anunue mbuzi au mashine ya kushonea, mpeni zote pamoja. Hoja ile ya mwenzako kwamba pesa hizi zitapandisha bei sokoni ipumzisheni. Siaya ilipimwa kwa kaya zaidi ya 10,500 katika vijiji 653, kila kaya ikipata kama dola 1,000, na bei zilipanda kidogo mno. Kila dola moja iliyoingia ilizungushwa hadi kufikia kama dola 2.5 katika uchumi wa pale, majirani wasiopewa nao wakafaidika.

Kinachowatesa watu kijijini ni wakala wa pesa za simu. Fikiria kaya 16 zimepokea asubuhi moja. Wote wanakwenda kwa kijana mmoja mwenye meza na mwavuli, wanataka noti za 2,400,000. Noti hizo hana. Wanne wa kwanza wanapata, wa tano anaambiwa "njoo kesho", wa sita anaambiwa zipo ila kuna ya soda. Kwa hiyo mpigieni wakala wiki moja kabla, mwulize kwa siku anamudu kiasi gani, kisha tumeni kwa mafungu, kaya tano tano na la mwisho sita, na fungu moja liangukie siku ya gulio ambapo mawakala wa jirani nao wapo. Na mtu akiahidiwa 150,000, atumiwe 150,000 na ya kutolea. Asipotumiwa ya kutolea atatoa pungufu, atasema mmekula, na kwa hesabu zake atakuwa sahihi.

Kabla ya pesa kamili tumeni 1,000 ya majaribio kwa kila namba. Simu hukuonyesha jina kabla hujathibitisha. Lisomeni na kulilinganisha na kitambulisho herufi kwa herufi. Tangu laini zisajiliwe kwa alama za vidole mambo ni nafuu, lakini bado utakuta mama anatumia laini ya mwanawe aliyeko Kahama, na pesa zikiingia mwana naye ana shida zake. Hapo msitume. Mama asajili laini yake kwanza, hata ikichukua wiki tatu. Kwa kaya kumi na sita, tarajieni mbili au tatu zikwame hapo, na wekeni hilo kwenye ratiba tangu mwanzo.

Kijijini ingieni kwa mtendaji, mbebe barua ya chuo yenye muhuri, halafu mkutano wa kitongoji, vigezo visomwe mbele ya watu wote. Swali la kwanza litakuwa "hii ni TASAF?", yaani ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Jibuni wazi kwamba siyo, na kwamba aliyeko TASAF hataondolewa kwa sababu yenu, mkiwa mmeshamwuliza mtendaji. La pili litaulizwa nje ya mkutano, kwa sauti ya chini: kama hizi ni hela za Freemason. Msicheke. Kaunti ya Homa Bay, Kenya, mwaka 2015 karibu nusu ya watu waliofuatwa na GiveDirectly walikataa pesa za bure, kwa uvumi kwamba nyuma yake kuna ushetani. Aliyezoea kuona kila msaada una semina, daftari la mahudhurio na masharti saba, akipewa pesa bila sharti anakuwa na haki ya kuogopa. Kinachosaidia ni mtu anayefahamika pale, mwalimu au muuguzi wa zahanati, asimame na kueleza pesa zimetoka wapi, kwa majina ya vyanzo na kiasi.

Na picha. Zile za watoto wameshika hundi ya kadibodi ziondoeni kwenye ukurasa wenu. Orodha ya walengwa yenye namba za simu niliyoiona kwenye kundi la WhatsApp la wanachama iondoke pia. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, tapeli mmoja tu kwenye kundi anatosha kuwapigia akijifanya ni ninyi.

Chama cha wanafunzi hufa Julai. UE zimekwisha, wa mwaka wa tatu wanafungasha, wengine wameshakwenda field, yaani mafunzo ya vitendo, na mweka hazina anaondoka na laini ya chama kwa sababu ilisajiliwa kwa kidole chake. Mkirudi, benki inataka muhtasari wa kikao kilichobadilisha watia saini, barua, na vitambulisho vya wanaotoka na wanaoingia. Wanaotoka wako Mwanza na Songea. Pesa zipo, mnaziona kwenye taarifa, hamzigusi hadi Krismasi. Dawa yake ni ndogo na inachosha: watia saini watatu, mmoja akiwa mlezi ambaye ni mhadhiri, mmoja wa mwaka wa pili, na hundi ihitaji wawili. Uchaguzi ufanyike wiki nane kabla ya UE. Kila kiongozi mpya akae na wa zamani wiki zote nane akifanya kazi mwenyewe huku mwenzake akitazama. Mabadiliko ya benki yakamilike kabla ya mtihani wa kwanza. Mimi tawi jipya lisilo na mwaka wa pili ndani ya kamati nisingelifungua kabisa, hata wangekuwa na wanachama mia.

Kuhusu usajili, mkiwa chuo kimoja chini ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi inatosha. Mkivuka kwenda chuo cha pili mnahitaji kusimama wenyewe, kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali chini ya Sheria Na. 24 ya 2002. Marekebisho ya 2019 yanakipa cheti uhai wa miaka 10, lakini ripoti na ada ni za kila mwaka, na hapo ndipo vyama vya vijana vinapokwama, kwa kuwa aliyejaza fomu ameshahitimu. Kanuni za 2018 nazo zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 ufikishwe kwa Msajili ndani ya siku 10. Yule mfadhili anayekuahidi milioni 30 kwa sharti la kuonekana vyuo vitano, mwombe azitoe kwa awamu, ya kwanza ikiwa ya uhakiki tu. Akikataa, utakuwa umejua anachonunua.

Nitumie mambo mawili kabla ya Ijumaa: jina la mlezi aliyekubali kuwa mtia saini, na majina manne ya watu wa mlolongo, wa kuhesabu, wa kuandikisha, wa kuhakiki na wa kupiga simu. Wa kupiga simu asitoke kwenye kamati. Tafuta mtu wa mwaka wa kwanza mwenye lafudhi ya kule kule kijijini. Bibi akimsikia atamwambia mengi kuliko atakayokuambia wewe.

Nisalimie nyumbani, na mwambie dada chai yake ya tangawizi bado naidai.

Wasalaam,
Swahiba wako