Risala ya Waandishi wa Mashinani wa Kisumu kwa Mgeni wa Heshima

Mgeni wetu wa heshima, mwenyekiti wa kikundi, wakufunzi, wazazi na jamaa mlioacha shughuli zenu za Jumamosi, waandishi wenzangu: hamjambo?

Mama, karibu Kisumu. Risala nyingi hufunguliwa kwa "mgeni njoo, mwenyeji apone". Leo methali hiyo tumeipa likizo, kwa sababu ulianza kutuponya kabla hatujauona uso wako, ulipokuwa ukisoma makala yetu usiku na kuyarudisha yakiwa mekundu kwa masahihisho kuliko nyanya za soko la Kibuye.

Sisi ni 22. Wachache wako katika redio za jamii. Waliobaki ni waandishi wa kujitegemea, wanaolipwa kwa habari iliyochapishwa tu. Isiyochapishwa ni hasara ya mwandishi, pamoja na nauli ya matatu ya kwenda Ahero na kurudi. Leo tunapokea vyeti baada ya wiki sita za mafunzo. Desturi ingetutaka tukusomee mafanikio, lakini tumekubaliana tukusomee makosa, maana ndiyo yaliyotufunza.

Tuanzie Dunga. Siku ya kwanza ya mazoezi tulifika ufuoni alfajiri, mitumbwi ikirejea na omena. Mwenzetu mmoja alimwendea mama aliyekuwa akianika omena juu ya wavu, akamsogezea simu karibu na mdomo, akauliza, "Mama, unahisije kuhusu gugumaji?" Mama akajibu, "Vibaya," akaendelea kutandaza. Mahojiano yakaishia hapo. Tulimcheka, ingawa sote tungeuliza vivyo hivyo.

Wiki iliyofuata alirudi, safari hii simu ikiwa mfukoni. Alichuchumaa, akaanza kumsaidia kuokota vijiti na majani kwenye omena, kisha akauliza, "Jana uliuza gorogoro ngapi?" Mama akataja idadi. Kutoka hapo akaingia kwenye bei, akafika siku gugumaji lilipoziba ufuo mitumbwi ikashindwa kutoka, akasimulia mkopo wa chama ambao marejesho yake hayakungoja ziwa lifunguke, na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Yote hayo yalitoka kwenye swali la hesabu. Ndipo mwenzetu akaomba ruhusa ya kurekodi, akamwomba pia amtajie jina lake herufi kwa herufi. Hilo la jina tulilidharau mwanzoni. Lakini mwandikie mtu Achieng' bila ile alama ya mwisho, uone kama atakuamini na mengine.

Tumefunzwa kunyamaza pia. Afisa akikujibu kwa sentensi moja, hesabu moja hadi tano kimoyomoyo huku ukimtazama. Wengi hawafiki tatu kabla ya kuongeza neno, na mara nyingi neno hilo ndilo habari yenyewe. Na kwa kuwa wengi wetu tunahoji kwa Dholuo au Kiluhya na kuandika kwa Kiswahili, sasa tunamsomea aliyehojiwa nukuu yake iliyotafsiriwa kabla ya kuituma.

Mama, hili linalofuata ni langu mimi ninayesoma. Niliandika kuhusu jaboya, ule mtindo wa mvuvi kumdai mchuuzi mwili wake ndipo amuuzie samaki. Mama mmoja, katika ufuo ambao sitautaja, alinieleza yote kwa sharti kwamba nisimtaje. Nilibadilisha jina lake, nikajiona mwangalifu. Lakini niliandika kwamba ana mapacha, ni mjane, na huuza samaki chini ya mti fulani. Makala yalipotoka, kabla ya saa nne asubuhi ufuo mzima ulikuwa umeshamjua. Hakunitukana. Alinipigia simu, akaniuliza, "Mwanangu, uliona jina langu ndilo siri, mapacha wangu wakawa si siri?" Mpaka leo sina jibu. Nikimpigia, mara nyingine hupokea, mara nyingine simu huita mpaka ikakatika.

Kwa sababu ya kosa hilo, kikundi kimeweka desturi. Makala yenye mtu aliyefichwa jina husomwa kwanza na mwenzetu anayelijua eneo lile, na kazi yake ni moja tu, kujaribu kumtambua. Akimtambua, tunafuta mpaka ashindwe. Makala mawili yamepoteza aya nzurinzuri kwa njia hiyo, na waandishi wake walinuna kweli.

Upande wa ofisi za umma, tulikuwa na ugonjwa wa kungoja "mtu wa ndani" atutolee karatasi kwa siri. Kumbe Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 iliyofuata inampa afisa siku 21 kujibu, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu unahusika. Ombi lenyewe laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Wenzetu wawili walipeleka barua ya Kiswahili katika ofisi moja wakiulizia dawa za zahanati. Karani alisoma mstari wa kwanza, akaisukuma kwa kidole: "Leteni ya Kiingereza." Walitoa nakala ya sheria kwenye begi, wakamwonyesha mahali. Alisoma, akasoma tena, akagonga muhuri. Jibu lilichelewa na kurasa kadhaa hazikusomeka, lakini lilifika.

Kuhusu bahasha, zile pesa anazopewa mwandishi na wanaotaka kuandikwa, tutasema machache, kwa kuwa kila aliye ukumbini anaijua. Kanuni za maadili zinaikataza. Lakini kanuni hazilipi nauli, na lipo gazeti lenye deni la wanne kati yetu tangu Januari. Hatulitaji. Tunasema tu kwamba anayemwambia mwandishi akatae bahasha, na amlipe mwandishi huyo.

Jambo lililotusaidia zaidi kuishi kwa kalamu ni daftari la simu. Kila mmoja wetu ana orodha ya watu aliowahi kuwahoji, na kando ya kila jina tarehe aliyowapigia mara ya mwisho bila kuwa na shida nao: kumpa pole mkulima wa Nyando maji yalipoingia shambani, au kumwambia chifu kwamba habari yake imetoka. Mwanzoni tuliona ni kupoteza salio. Mvua kubwa zilipokuja, mkulima yuleyule ndiye aliyetupigia usiku kabla ya chombo chochote cha habari kujua. Safari ile moja ilizaa habari ya gazeti, kipindi cha redio kwa Dholuo, na makala marefu ambayo bado yanamtafuta mhariri.

Hapo ndipo ombi letu linaanzia, Mama. Hatukuombi ututafutie kazi. Tunaomba utusemee kwa wahariri unaowajua, watujibu ndani ya wiki moja, hata jibu likiwa "hapana", tuweze kuipeleka habari kwingine ingali mbichi. Tunaomba pia kinasa sauti kimoja. Tulichokuwa nacho kilizama Dunga, na aliyekizamisha ameketi safu ya tatu akitazama viatu vyake. Na ile kalamu nyekundu, tafadhali usiiweke chini.

Kifurushi hiki ni omena kutoka kwa yule mama wa Dunga. Alitaka kukupa bure aliposikia unakuja. Tumemlipa bei ya soko, gorogoro mbili, na zimeandikwa katika daftari la mweka hazina.

Asante.

Ni sisi, waandishi wa mashinani, Kisumu.