Usisubiri Mpaka Uwe na Kitu

Mwanangu,

Umetoka kwenye kundi la familia kimyakimya, saa chache baada ya dada yako kubandika orodha ya michango ya matibabu ya baba yenu. Niliiona. Kila jina na kiasi chake, na mbele ya jina lako kistari. Hakuna aliyekusema, lakini kistari kile kilitosha.

Nimeongea na dada yako. Nimemwambia michango lazima ihesabiwe, maana pesa ya wengi isipohesabiwa huzaa ugomvi, ila hesabu aniletee mimi, asiianike. Amenuna kidogo, tutayamaliza. Sasa nataka niseme na wewe.

Sitakudanganya kwamba pesa si kitu kwangu. Wazazi wanaosema hivyo ama wanazo, ama wanatafuta sifa. Ulipokuwa kazini, ulichotuma ndicho kilichomsomesha mdogo wako na kununua dawa za baba yako, na ikichelewa nilikuwa sitoi macho kwenye simu. Tangu kazi yako isimame, nyumba imebana. Kinachoniuma ni kwamba pesa ilipokatika na wewe ukakatika nayo. Ulikuwa hukosi kupiga kila wiki. Siku hizi hata salamu sipati, kana kwamba mimi nilikuwa napokea sauti yako kwa risiti.

Na tabia hii hukuianza ukubwani. Uliwahi kuchukua daftari la mwaka uliopita, lililoandikwa kwa penseli, ukakaa unalifuta ukurasa baada ya ukurasa ili uanze kuliandika upya. Nilikukuta sakafuni, magoti yamejaa vumbi la ufutio, kurasa nyingine zimeshatoboka. Nikakuuliza kwa nini hukuniambia kwamba unahitaji daftari jipya. Ukanijibu, “Nilikuona umechoka.” Waliosikia walikusifia: mtoto mwenye huruma huyu, mtoto muelewa. Mimi sikufurahi hata kidogo. Mtoto anayeusoma kwanza uso wa mama yake ndipo aombe daftari, ameshabebeshwa mzigo usio wake. Umaskini si lazima umwambie mtoto kwamba hapendwi. Humwambia kwamba yeye ni gharama, na mtoto huyo akikua akapata kazi, kila anachotoa hukiona ni malipo ya deni. Kazi ikiisha, anajiona amerudi kuwa mzigo, basi anajificha. Ndiko uliko sasa, au nakosea?

Halafu kuna suala la baba yako. Najua makelele yake ya miaka ile hayajakutoka. Watu husema mapenzi ya mzazi hayana masharti. Yangu kwako hayana, na yake pia. Lakini ada ina masharti, kodi ya nyumba ina masharti, mdai ana masharti, na mtu aliyeandamwa na hayo yote tangu alfajiri hufika kwa mwanawe jioni akiwa hana subira iliyobaki.

Unanijua, karatasi haipiti mbele yangu bila kusomwa. Nimesoma habari za watafiti wa North Carolina, Marekani, waliokuwa wakifuatilia afya ya akili ya watoto 1,420 kuanzia mwaka 1993. Karibu robo yao walikuwa watoto wa Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa Marekani, wengi wao wa kabila la Wacherokee. Utafiti ukiwa unaendelea, kasino ikafunguliwa kwenye ardhi ya Wacherokee hao, na wanakabila wakaanza kugawiwa sehemu ya faida kila miezi sita. Katika familia zilizotoka kwenye umaskini kwa pesa hizo, ukaidi na fujo za watoto zilipungua mpaka wakalingana na watoto ambao hawakuwahi kuwa maskini. Walipotafuta sababu, kubwa waliyoiona ni kwamba wazazi walikuwa wamepata nafasi ya kuwaangalia watoto wao ipasavyo. Hakuna aliyewaitia wazazi wale semina ya kupenda! Walipunguziwa tu kilichokuwa kinawala muda wao.

Simtetei baba yako. Ukali wake ulikuumiza, na sababu haifuti maumivu. Ninachotaka ni usiuchukue ukali wa siku za madeni ukaufanya kipimo cha alivyokupenda. Siku hizi akinikuta nimeshika simu ananiuliza, “Amepiga?” Halafu anaanza kuongea jambo jingine kabla sijajibu.

Jingine nililolisoma linakuhusu wewe moja kwa moja. Wakulima wa miwa 464 wa Tamil Nadu, India, walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, mifuko ikiwa imekauka, kisha wakapimwa tena baada ya mavuno. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Watu ni walewale, ila kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Shida ya pesa ilikuwa imewajaa kichwani, hapabaki pa kuwazia mengine. Kwa hiyo nakuomba, usiamue jambo zito katika hali hii ukiwa peke yako. Na usithubutu kuchukua mikopo ya kwenye simu ili jina lako lisomeke vizuri kwenye orodha. Riba ya aibu hailipiki.

Sisi wazazi nasi tuna jaribu letu ambalo huwa hatulitaji. Wakati wa dhiki ya kulea, ni rahisi kujiona shujaa. Kazi ipo watoto wakishakua, mmoja anacho na mwingine hana. Anayetoa ndiye anayeulizwa, ndiye anayesubiriwa kikao kianze, na utani wake wote unachekesha. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na nimeona nyumba zikiiendesha methali hiyo kama sheria mpaka ndugu wakawa wanazungumza kwa kufuata ukubwa wa mishahara. Mzazi anaona, ananyamaza, kwa sababu naye ana shida zake na anaogopa kumuudhi anayetoa. Mimi mwenyewe naogopa, nisijifanye. Lakini kwangu kikao hakiendi hivyo nikiwa hai.

Jumapili jioni tunazungumzia upasuaji wa baba yako. Dada yako anataka tuuze kiwanja mara moja. Mdogo wako anasema tusubiri jibu la daktari wa pili. Baba yako mwenyewe amegoma, hataki kusikia kisu, na katika nyumba hii anayeweza kumgeuza akigoma ni wewe tu. Hilo halinunuliwi, na hakuna wa kulichangia badala yako. Nataka uwe hewani saa moja. Salio likiwa limekwisha, bipu, nitakupigia mimi.

Siku ukipata kitu, tuma, nitapokea kwa mikono miwili, sijawa malaika. Usipopata, nieleze unalala wapi, unakula nini, na kazi umeomba wapi. Ila usiniambie “niko poa, mama” ukidhani siijui sauti yako.

Mimi,
Mama yako