Barua ya wazi kwa wanangu mnaotaka uwakili Marekani

Wanangu,

Simu yangu haipoi. Mnaomaliza sekondari hapa Minneapolis na kule Columbus mnaniuliza jambo lile lile: "Babu, nisomee nini ili niwe wakili?" Na nyuma yenu namsikia mzazi akidakia, "Mwambie asome sheria!"

Mzazi anakumbuka Dar na Nairobi, ambako sheria ni shahada ya kwanza. Huku unamaliza kwanza chuo miaka minne, fani yoyote, ndipo unaomba shule ya sheria ya miaka mitatu. Fani yoyote, narudia. Chama cha mawakili cha Marekani, ABA, chenyewe hakipendekezi hata moja.

Thurgood Marshall, wakili Mmarekani mweusi, alisoma fasihi na falsafa Lincoln University, akamaliza 1930. Mwaka 1960 alikuwa Lancaster House, London, akiwasaidia Wakenya rasimu ya haki za msingi za katiba yao, na 1967 akawa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Fasihi, ile ambayo baba zenu wanasema haileti ugali mezani!

Chagua kitu kitakachokusomesha na kukuandikisha mpaka vidole viume, na ambacho kinakupendeza. Mtihani wa LSAT, wa kuombea shule ya sheria, wenye alama 120 hadi 180, umebakiwa na kusoma kwa ufahamu na kuchambua hoja. Yale mafumbo ya kupanga nani akae wapi yaliondolewa Agosti 2024. Uhandisi? Sawa, hasa ukitaka kusajili hataza za uvumbuzi, maana ofisi ya hataza inadai msingi wa sayansi. Lakini usiuchukue kumfurahisha mtu.

Kijana mmoja wa jirani yangu aliuchukua hivyo. Mwaka wa kwanza alama zilianguka vibaya, akahamia historia, akang'ara. Zile za mwanzo hazikumwacha. LSAC, wanaopokea maombi ya shule za sheria, hujumlisha alama za kila chuo ulichopitia kabla ya shahada ya kwanza. Ninyi mnaochukua kozi za chuo mkiwa bado sekondari, zimo pia. Msizichezee kwa kuwa ni za bure.

Na wewe binti uliyenipigia jana kuhusu falsafa, ukalia: mpe baba yako namba yangu. Nitamsubiri Jumamosi, baada ya chai.

Babu yenu