Barua kwa mwanangu anayeichora sikoseli

Mwanangu mpendwa,

Picha zako zimefika. Nimezipeleka kwa kijana wa stesheni akazichapa kwenye karatasi kubwa, maana mchora vibao hahukumu rangi kwenye kioo cha simu. Umeniomba niseme kweli kabla hujazipeleka kwenye maonyesho ya tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani; selimundu ndiyo hiyo hiyo sikoseli, ugonjwa wako wa damu. Haya, nasema.

Ile ya chembe nyekundu za damu zilizopinda kama mundu, iache. Mkono umetulia, sikatai, lakini hiyo ni picha ya daktari. Mwaka 1910 James Herrick wa Chicago alichapisha makala yenye picha za damu zilizopigwa kwa hadubini, damu ya kijana wa Grenada aliyekwenda huko kusomea udaktari wa meno. Kijana aliitwa Walter Clement Noel, ila makala haikumtaja jina. Watu wakaiona damu yake, mwenyewe hawakumwona. Alimaliza masomo, akarudi kwao, akawatibu watu meno hadi alipofariki mwaka 1916. Zaidi ya karne imepita, na kila anayeniletea kazi ya bango la sikoseli bado anataka vimundu vyekundu. Wewe ndiye unayeumwa. Chora kisichoonekana kwenye hadubini.

Yuko aliyefanya hivyo. Tafuta kazi za Hertz Nazaire, mzaliwa wa Haiti aliyeishi Connecticut, Marekani, akafariki mwaka 2021. Naye alikuwa na sikoseli. Ile namba kumi ya kipimo cha maumivu, unayoulizwa kila ukilazwa, aliipa sura ya binadamu. Kazi hiyo aliiita Ten Redefined. Rangi zake usiige. Tazama tu alivyothubutu.

Ndiyo maana naipenda kuliko zote picha ya kijana aliye kitandani anacheza gemu kwenye simu, muuguzi amesimama na faili. Huyo ni wewe. Maumivu yakikushika kweli hulii. Unanyamaza, unang'ang'ania simu, na mtu asiyekujua anadhani umekuja kutafuta sindano tu. Nilikuwepo siku uliposema "tisa" na aliyekuuliza akaandika "nne". Usiongeze machozi kwenye picha hiyo hata ukishauriwa.

Ila macho hujayapatia. Umeyatia manjano ya kopo. Manjano ya macho yako yanataka kahawia kidogo na tone la kijani, na nyeupe yenyewe isiwe safi. Chembe za kawaida hukaa mwilini siku kama 120. Zako huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, na uvunjikaji huo ndio unaoyapaka macho rangi. Nimeitazama rangi hiyo tangu ulipokuwa mdogo. Niamini.

Kwenye ile picha ya utoto wako, viganja vilivyovimba huwezi kuvikumbuka, hukuwa umetimiza mwaka. Umevipa vidole virefu vya mtu mzima. Vilikuwa vifupi, vimejaa, ngozi inang'aa, mfano wa maandazi yaliyoumuka, na nyayo vilevile. Ukiguswa, mtaa mzima unasikia. Jirani mmoja alisema mchango, mwingine akasema umetupiwa jicho, na bibi yako akakufunga kamba ya shanga nyeusi mkononi. Kiganja kilipovimba kamba ilizama kwenye nyama ikabidi tuikate kwa wembe. Ichore kamba hiyo. Inakadiriwa watoto kama 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka hapa Tanzania, na baadhi ya wazazi wao watapita mbele ya picha yako. Mzazi ambaye bado hajaambiwa kitu hospitali atavitambua viganja vile.

Sasa ile ya mama yako amekupakata. Nzuri mno, na hapo ndipo tatizo lilipo: umemkalisha peke yake. Unajua maneno yaliyosemwa kwetu, kwamba damu mbaya imeingia ukoo kupitia kwake. Vinasaba ulivipata kwangu na kwake, kimoja kwa kila mmoja. Wazazi kama sisi, kila mmoja akiwa na kimoja, mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua, kila mimba. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye kimoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Babu zako wa pande zote mbili walikibeba bila kujua, na huenda ndicho kilichowavusha utotoni. Niweke kwenye picha. Nikae upande wa kushoto, mkono wangu uwe chini ya kichwa chako, wasengenyaji watuone wote wawili.

Hadibodi sita nitampa dereva wa basi la Bagamoyo kesho asubuhi, kapokee stendi. Nimeweka na makopo madogo ya rangi za mafuta, jamii ya zile alizochorea Edward Tingatinga. Harufu yake kali, kwa hiyo chorea barazani mchana, si chumbani umefunga madirisha, wala si usiku kwenye upepo wa bahari; baridi unajua inavyokufanya. Kunywa maji kabla kiu haijakuita. Vidonge usiruke, hata wiki ya maonyesho.

Na ukinichora usinipendezeshe. Kipara kiwepo.

Baba yako